Mgongo Unauma, Moyo Umechoka: Vidokezo 9 kwa Mhudumu wa Afya

Umetoka usiku. Ripoti umeshakabidhi, dawa za kabatini zimehesabiwa, funguo anazo mwenzako wa asubuhi, na kiuno kinakukumbusha kila mgonjwa uliyemgeuza tangu saa mbili usiku. Unameza vidonge viwili, unawahi daladala, unajiambia, "Ni kiuno tu, kitapoa." Sasa swali la haraka: zile wiki ambazo kiuno kinauma zaidi, si ndizo hizo hizo ambazo ndugu wa mgonjwa akikuuliza jambo dogo unamjibu kwa mkato? Kama umeitikia kimoyomoyo, endelea kusoma. Hauko peke yako, na yapo mengi unayoweza kuyarekebisha kuanzia zamu yako ijayo.

Jambo moja kwanza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliutambua uchovu uliokithiri wa kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, ICD-11, lililoanza kutumika Januari 2022. Halikuuita ugonjwa, liliuita hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa. Alama zake ni tatu: nguvu kukuishia, moyo kujitenga na kazi, na kujiona huna unalofanikisha. Maumivu ya mwili hayamo katika hizo tatu, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanaikanda shingo na kuusahau uchovu, au wanaomba siku mbili za mapumziko kisha wanarudi kumwinua mgonjwa kwa mtindo ule ule. Mambo haya mawili huandamana, kwa hiyo tuyashughulikie kwa pamoja. Haya, twende!

1. Jichore kwa dakika mbili

Huhitaji kipaji. Chukua karatasi, chora umbo la mtu aliyekupa mgongo, kisha tia alama kila palipouma siku 7 zilizopita. Watafiti wa nchi za Nordiki walitunga dodoso la namna hii mwaka 1987, na hadi leo linatumika kwa wafanyakazi wa kila aina. Linaugawa mwili katika sehemu 9: shingo, mabega, viwiko, viganja na vifundo vya mikono, mgongo wa juu, kiuno, nyonga na mapaja, magoti, na vifundo vya miguu pamoja na nyayo. Pembeni ongeza mambo mawili: ulikuwa zamu gani, na uchovu wako ni namba ngapi kuanzia 0 hadi 10.

Fanya hivyo kila Jumapili kwa mwezi mmoja. Huenda ukagundua kiuno kinafuata zamu za usiku, shingo inafuata siku za kliniki unapoinamia mafaili, na magoti yanafuata siku za wodi ya wazazi. Na ukiona alama zinaongezeka huku namba ya uchovu nayo inapanda, una kitu cha kumwonyesha mtu badala ya kusema tu "sijisikii vizuri".

2. Anza na kilicho chepesi

Je, maumivu ndiyo yaliyoleta uchovu, au uchovu ndio ulioleta maumivu? Swali zuri, ila usisubiri jibu ndipo uanze. Nchini Israeli, Samuel Melamed na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi waliokuwa wazima, wakachapisha matokeo yao mwaka 2009 na 2010: waliochoshwa zaidi na kazi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kupata maumivu ya misuli na viungo. Njia ya kinyume nayo ipo. Maumivu yanakunyima usingizi, na mwili usiolala huumia kwa jambo dogo tu. Ni mduara, na uzuri wa mduara ni kwamba unaweza kuukata popote! Ratiba haibadiliki mwezi huu? Anza na kiuno. Kiuno kimegoma? Anza na usingizi.

3. Kila ukitakasa mikono, shusha mabega

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakikuongezei hata dakika moja. Kusugua mikono kwa dawa ya alkoholi kunachukua sekunde 20 hadi 30. Kwa sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60. Muda wote huo mikono ina kazi, lakini mabega hayana. Yashushe. Legeza taya. Vuta pumzi kwa pua, itoe taratibu, mpaka mikono ikauke.

Kwa nini mabega? Ile misuli itokayo shingoni kwenda begani haikazi kwa mzigo peke yake, inakaza hata kwa wasiwasi. Mwaka 1991 mtafiti wa Sweden, Göran Hägg, alieleza kwamba ndani ya misuli kuna nyuzi zinazoanza kazi kabla ya nyingine zote na kupumzika baada ya nyingine zote. Zikaja kuitwa nyuzi za Sinderela, yule binti wa hadithi za Ulaya aliyeachiwa kazi za nyumba nzima. Mzigo hata uwe mdogo, kalamu na faili tu, nyuzi hizo haziachi kazi mpaka msuli wote ulegee. Na ukiwa na hofu ya mama anayetoka damu chumba cha tatu, msuli haulegei hata ukiwa umekaa. Sasa hebu fikiria unatakasa mikono mara ngapi kwa zamu moja. Kila mara ni pumziko la bure!

4. Mgonjwa hanyanyuliwi, anatelezeshwa

Tutulie kidogo hapa, maana hapa ndipo migongo mingi inapoumia.

Thomas Waters, mtaalamu wa taasisi ya NIOSH ya Marekani, alipendekeza mwaka 2007 kwamba mhudumu asinyanyue kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi za uzito wa mgonjwa, tena mgonjwa akiwa mtulivu na nafasi ikiwa nzuri. Sasa mfikirie baba wa kilo 70 aliyeteremka hadi miguuni mwa kitanda! Hakuna mgongo ulioumbwa kwa kazi hiyo, uwe wa mwanamume au wa mwanamke.

Mashine za kunyanyulia wagonjwa hospitali zetu nyingi hazina. Shuka tunalo. Likunje mara mbili, lipitishe chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi mapajani. Funga breki za kitanda. Laza kitanda kama hali ya mgonjwa inaruhusu, kisha zungusha mpini mpaka godoro lifike usawa wa kiuno. Mkitofautiana kimo, mfuateni aliye mfupi. Kila mmoja akunje ukingo wa shuka mpaka ngumi zake ziwe karibu kabisa na mwili wa mgonjwa. Mguu mmoja mbele, magoti yamelegea, vidole vya mguu wa mbele vielekee mnakokwenda ili kiuno kisijisokote.

Halafu zungumza na mgonjwa. Mwombe alete kidevu kifuani na, kama anaweza, akunje magoti asukume kwa nyayo. Utashangaa ni wagonjwa wangapi wana nguvu ambazo hakuna aliyewahi kuwaomba wazitumie. Moja, mbili, tatu: uzito wenu uhame kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele. Mikono inashika tu. Kazi inafanywa na miguu.

Kitanda chenu hakipandi wala hakishuki? Tanua miguu, kunja magoti, msogeze kwa awamu mbili tatu badala ya mkupuo mmoja. Na yule ndugu aliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda, mwonyeshe naye jinsi ya kushika shuka kabla hujamwita kusaidia. Mgonjwa akiruhusiwa, ndiye atakayembeba nyumbani.

5. Kaka, wewe si kreni ya jengo zima

Kwenye wodi nyingi wauguzi wanaume ni mmoja au wawili, na sauti inasikika mpaka wodi ya jirani: "Kaka, njoo mara moja utubebee huyu mzee." Mara moja inageuka mara kumi. Anakwenda kwa moyo mweupe, wala hasemi kwamba mgongo umeshaanza kuwaka, kwa sababu nani atampa pole? Sisi tunakupa. Pole sana, kaka.

Suluhisho ni jozi. Mwanzoni mwa zamu, mnapogawana wagonjwa, gawaneni na wenza wa kugeuza, bila kujali nani mwanamume nani mwanamke, na jozi zibadilike kila zamu. Kwa mbinu ya shuka, ustadi unahitajika kuliko misuli, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu mmoja kuitwa kila kona.

Jambo jingine ambalo wanaume hawaambiwi vya kutosha. Nchini Finland, Teija Honkonen na wenzake walichambua takwimu za utafiti mkubwa wa afya wa mwaka 2000, wenye wafanyakazi zaidi ya 3,000, wakachapisha walichokiona mwaka 2006. Kwa wanawake, uchovu wa kazi uliandamana na magonjwa ya misuli na viungo. Kwa wanaume uliandamana na magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Kwa hiyo kaka, usiuchunguze mgongo peke yake. Mashine ya presha ipo pale mezani: mara moja kwa wiki kaa, tulia dakika 5, jipime, andika. Na kifua kikibana, au maumivu yakishuka mkononi au kupanda tayani, hayo hayakandwi wala hayasubiri zamu iishe. Ni dharura, saa ile ile. Dada, nawe isikupite hii, hasa ukipata kichefuchefu, pumzi fupi na uchovu wa ghafla usiouelewa.

Na tusomane. Mwaka 2010 Radostina Purvanova na John Muros walikusanya tafiti 183 wakaona wanawake huchoka kihisia kidogo zaidi ya wanaume, na wanaume hujitenga na watu kidogo zaidi ya wanawake. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo usimpimie mtu kwa jinsia yake. Lakini dada akisema "nimechoka", mwamini. Na kaka aliyezoea kupiga soga akianza kula peke yake kantini, sogeza kiti ukae naye.

6. Dada, zamu ya nyumbani nayo ni zamu

Kwa hesabu za WHO za mwaka 2019, karibu asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na ustawi wa jamii duniani ni wanawake. Wengi wao wakifika nyumbani hawakai. Mwaka 1989 Marianne Frankenhaeuser na wenzake walichapisha vipimo walivyofanya kwa mameneja wa kampuni ya Volvo nchini Sweden. Jioni, baada ya kazi, noradrenalini ya wanaume ilishuka. Ya wanawake haikushuka. Hiyo ni homoni inayouweka mwili tayari kwa kukabiliana na jambo, na mwili ulio tayari kutwa nzima hadi usiku ni mwili wenye shingo ngumu asubuhi.

Sasa mbinu. Ukifika nyumbani, dakika 20 za kwanza ni zako. Tandika mkeka, lala chali, weka miguu juu ya kiti ili magoti yakunjike, na ukiacha kiuno kigusane na sakafu utasikia kinavyoachia. Watoto wafundishwe mapema: mama akiwa mkekani, hayupo! Watazoea haraka kuliko unavyodhani. Ndoo moja ya lita 20 igeuze kuwa mbili za lita 10, moja kila mkono, na umwachie baba watoto au kijana mkubwa safari za mwanzo. Ratiba ya wodi ikitoka, inakili kwenye kalenda ya ukutani na kuzungushia kalamu nyekundu siku za usiku, ili nyumba nzima ijue kwamba siku hizo mama akionekana nyumbani mchana, ana miadi na kitanda.

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, ijue haki yako. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri asimpangie mjamzito kazi ya usiku katika miezi 2 ya mwisho kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na inampa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kiuno cha mama mjamzito kina kazi ya kutosha tayari.

7. Usingizi wa mchana uheshimiwe

Vitenge viwili dirishani, simu kimya, ujumbe mmoja kwenye kundi la familia: "Nimetoka usiku, tutaongea saa kumi." Benki na fundi cherehani wasubiri kesho. Chai au kahawa ya mwisho inywe kabla ya saa tisa usiku, la sivyo itakukuta kitandani asubuhi. Na kama mnaweza kupokezana wodini, dakika 20 za kusinzia usiku wa manane zinatosha kukuamsha akili bila kukulevya na usingizi mzito.

8. Sindano ya kishkaji, hapana

"Nichome diklo nimalizie zamu." Mwenzako anakuchoma. Hakuna kadi, hakuna kipimo, na wiki ijayo mnarudia. Wewe ndiye unayewaeleza wagonjwa kila siku kwamba diklofenaki na dawa za kundi lake, ibuprofeni ikiwemo, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa pia tahadhari kuhusu diklofenaki na moyo. Ushauri unaowapa wagonjwa unakuhusu na wewe, mpenzi msomaji! Tena maumivu yakizimwa, unarudi kubeba kwa msuli ule ule ulioumia.

Fungua faili. Kata kadi, kaa kwenye benchi, onwa na daktari ambaye hamkuingia naye zamu. Pita idara ya fiziotherapia uombe mazoezi matatu tu ya kiuno, matatu utakayoyafanya kweli, si kumi na tano ya kusahau.

Zipo dalili zisizosubiri hata saa moja: ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mkojo au choo kukutoka bila kujijua, mkojo kugoma kutoka, au miguu kuishiwa nguvu. Homa pamoja na maumivu ya mgongo, au kupungua uzito bila sababu, nazo zinataka daktari wiki hii hii. Na kama uchovu umefika mahali unatamani usiamke kesho, huo si uvivu wala upungufu wa imani. Mwambie mtu unayemwamini leo, na uende kliniki ya afya ya akili kama ambavyo ungempeleka mgonjwa wako.

9. Dai saa yako, na uandike

Vinane vya juu unaweza kuvianza mwenyewe. Hiki kinahitaji mdomo, kwa sababu hakuna kunyoosha shingo kunakoweza kuziba pengo la wauguzi wawili kwa wodi iliyojaa hadi koridoni. Pale ambapo watu hawatoshi, mgongo unaouma si kosa la mwenye mgongo, na asikwambie mtu vinginevyo.

Sheria ile ile ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 apewe mapumziko ya dakika 60 angalau, na likizo ya mwaka ni siku 28. Wodini, dakika 60 hazipatikani kwa kusubiri wodi itulie, wodi haitulii. Zinapatikana kwa kuandikwa kwenye ubao pamoja na mgawanyo wa kazi: nani anakula saa ngapi, nani anamshikia wagonjwa.

Ukienda kwa matroni, usiende na "tumechoka" peke yake. Analisikia kila siku, na huenda naye kachoka. Nenda na ombi moja dogo lenye sababu: "Matroni, kati yetu sita, wanne viuno vinauma baada ya kuingia usiku mara tano mfululizo. Tunaomba mwezi ujao zisizidi tatu, halafu tuone." Ombi la namna hiyo linajibika. Lisipojibiwa, mpelekeeni mwakilishi wa chama chenu cha wafanyakazi, TUGHE kwa mfano, likiwa limeandikwa na kusainiwa na wote sita.

Na ukiumia ukimgeuza au kumbeba mgonjwa, toa taarifa siku hiyo hiyo, hata kama unaona ni jambo dogo. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, kwa watumishi wa umma na wa sekta binafsi. Kenya kuna Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Andika tarehe, saa, wodi, ulikuwa unafanya nini, nani alikuwepo na ni wapi palipouma. Jina la mgonjwa liache, namba ya kitanda inatosha. Msimamizi wa zamu asaini, kisha ipige picha kwa simu yako kabla karatasi haijatoka mkononi.